Miaka Mitano ya Kuamkiwa

Kwa miaka mitano nilikuwa bibi. Sisemi bibi wa kutaniwa. Nilikuwa bibi wa kuamkiwa shikamoo, wa kuombwa radhi, wa kuulizwa kama mtoto anayeota meno apewe uji au asubiri. Wakati huohuo nilikuwa mwanamume wa miaka ishirini na ushei, mwenye ndevu tatu nilizozitunza kwa mafuta, nikiuza bawaba na makufuli katika duka la baba yangu mdogo, Kariakoo.

Nieleze vizuri, maana nikieleza vibaya mtadhani nilikuwa tapeli. Nilikuwa tapeli kidogo tu.

Ilikuwa miaka ile soko lilipoachiwa huru na kila mtu akapata ruhusa ya kununua kila kitu. Makontena yalishuka bandarini mfululizo, watu wakanunua redio, majokofu na televisheni, kisha wakaja kwetu kununua kufuli la kuvifungia. Baba mdogo hakuelewa kwa nini kuna wanaolalamikia soko huria. Pamoja na televisheni zikaja stesheni za watu binafsi, na pamoja na stesheni ikaja ile tamthilia ya kutoka ng'ambo. Jina lake silitaji, kwa sababu walioipenda wanaijua na wasioipenda hawastahili. Kulikuwa na tajiri mmoja aliyelazwa hospitali hajitambui, jamaa zake, mabinti zake wakiwemo, wanagombea mirathi hajafa, na shamba kubwa lenye farasi ambao hawakuwa na kazi yoyote. Kila sehemu iliishia mtu akishtuka. Muziki unalia, sura inajaa kwenye kioo, basi, mpaka juma lijalo.

Niliitazama ghorofani, juu ya duka, kwa mama mmoja wa Kihindi, mjane, ambaye wajukuu zake walimwita Ba kwa lugha yao nami nikaiga. Wanawe walihamia Kanada wakamwachia televisheni kubwa na viti vinne. Mimi nilikalia kimoja. Ba hakuwa mtazamaji wa kukaa kimya. Aliwasema wale watu wa kwenye kioo kama watoto wa jirani.

"Usimfungulie mlango huyo!" alimwambia mrithi. "Umefungua? Haya, shauri yako."

Tatizo lilikuwa umeme. Zilikuwa zama za mgao, na ratiba ilitoka gazetini: leo Ilala, kesho Temeke, keshokutwa Magomeni. Mtu wa Dar anaweza kuoga kwa kikombe na asinung'unike, lakini kukosa sehemu moja ya tamthilia ni jambo la kumtoa mtu machozi. Ndipo Mtanzania mmoja aliyekuwa anasoma kompyuta kwenye nchi ya baridi akafungua ukurasa kwenye mtandao, akauita baraza. Utaratibu ulikuwa rahisi. Waliokuwa na umeme juma hilo walisimulia, waliokuwa gizani walisoma. Juma lijalo mambo yaligeuka. Wengine walikuwa Maskati na Uingereza, hawakuwa na tamthilia wala mgao, walikuja kwa ajili ya kusikia watu wakigombana kwa Kiswahili. Yule mwanafunzi tulimwita Mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa na sheria moja kubwa: hakuna majina. Nusu ya wanachama walikuwa wanaingia barazani kwa kompyuta za ofisi, saa za kazi, na hakuna aliyetaka bosi wake ajue. Kwa hiyo kila anayejiunga alichagua nafasi ya ukoo. Siku nilipojiunga, katika intaneti kafe moja karibu na soko, niliona Mjomba kashachukuliwa, Shangazi kachukuliwa, Dada, Kaka, Wifi, Shemeji, hata Mkwe kulikuwa na mtu. Zilibaki mbili tu, Babu na Bibi. Nikafikiri haraka. Babu ataombwa hekima, na hekima sina. Bibi ataombwa hadithi. Nikabonyeza Bibi, nikasimulia kilichotokea juma lile, nikaenda zangu kula.

Niliporudi kesho yake kulikuwa na watu kumi na wawili wamepanga foleni. Shikamoo Bibi. Shikamoo Bibi. Shikamoo Bibi, umeamkaje? Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Usipoitikia shikamoo umekosa adabu. Ukiitikia isiyo yako umeiba. Wenzetu wa lugha nyingine wangecheka, wangesema ni jina tu la kwenye kompyuta. Sisi hatuna mchezo na umri. Mtu akishasema yeye ni bibi, imetoka hiyo, hakuna wa kumwomba cheti cha kuzaliwa.

Nikaandika, "Marahaba wajukuu zangu, hamjambo?"

Kuanzia hapo sikuwa na pa kutokea. Aliyenitesa zaidi alikuwa Mjomba, mwalimu mstaafu wa Ilala. Alijieleza mwenyewe kwamba ana miaka sitini na mitatu, kisukari na wajukuu saba, na kila Jumatatu aliniamkia kwa aya nzima, yenye nukta na mikato mahali pake. Kila nilipoandika marahaba shingo ilinisisimka. Nyumbani kwetu, Rombo, ukiitikia shikamoo ya mzee wa rika la baba yako unachapwa, na anayekuchapa ni wa kwanza aliyekusikia. Nilipanga kukiri mwezi wa kwanza. Nikapanga tena mwezi wa sita. Ulipotimia mwaka nikaacha kupanga.

Na uongo wa bibi una nguvu zake. Juma moja zamu ya kusimulia ilikuwa yangu, Kariakoo ndiyo iliyopangiwa umeme. Dakika mbili kabla ya kuanza, umeme ukakatika nje ya ratiba, na mimi na Ba tukabaki tumetazama kioo cheusi. Ningeweza kuandika kwamba sikuona. Lakini Temeke yote ilikuwa inangoja, Magomeni inangoja, na mtu mzima ukingojewa hivyo unapata kiburi. Nikaandika kwamba tajiri amezinduka, akaomba maji na mwanasheria.

Juma lililofuata tajiri alikuwa amelala vilevile, mrija puani. Nikajua leo naumbuka. Wapi! Mjomba aliandika kwamba Bibi hawezi kusema uongo, kwa hiyo ni wazi stesheni imeruka sehemu nzima kwa uzembe. Alikusanya watu wanne wakaenda mpaka stesheni kuidai sehemu yao. Binti wa mapokezi aliwaambia hakuna kilichorukwa. Mjomba akamwuliza, "Binti, unataka kusema bibi yetu ni mwongo?" Binti akawaomba radhi. Niliposoma hayo nilicheka mpaka mwenye kafe akaja kuangalia kama kompyuta ina kasoro, kisha kicheko kikaniishia. Nilielewa kwamba hata ningeandika kuwa farasi wameanza kuongea, watu wale wangeitetea habari hiyo.

Na kulikuwa na Dada. Dada alikuwa muuguzi, ana mume na watoto watatu, na yeye ndiye aliyeanza kuniuliza mambo yasiyohusu tamthilia. Mara ya kwanza ilikuwa habari ya jokofu. Mumewe alikuwa amelichukua jokofu lao akampa dada yake, bila kumwuliza mkewe. Dada aliandika kwamba anafungasha. Aniulize mimi, kijana niliyepanga chumba kimoja na katoni ya misumari! Nilifikiri mchana kutwa, nikamwandikia kwamba asifungashe. Kila mumewe akirudi kutoka kazini, ampe maji ya kunywa ya moto. Kwa heshima, kwa glasi safi, kwenye sahani, bila neno. Siku ya nne, jua la Februari likiwa utosini, jokofu lilirudi kwa mkokoteni.

Baada ya hapo Dada hakufanya jambo bila Bibi. Halafu mama yake akafariki. Aliandika barua ndefu, si barazani bali kwangu peke yangu, mchana mmoja ambao dukani hakukuwa na mteja. Niliisoma nimesimama. Nilimjibu mistari michache tu, nikarudi dukani nikamuuzia bawaba za mlango mtu aliyetaka za kabati. Miezi mingi ikapita, Dada hakulitaja tena jambo lile, ila kila asubuhi shikamoo yake ilikuwa ya kwanza kufika, na saa tatu ikifika sijaiona nilikuwa nakosa raha.

Ndivyo ilivyokuwa. Tamthilia yenyewe iliisha, ikarudiwa, ikaisha tena. Mgao nao uliisha, ukarudi. Baraza liliendelea kwa sababu tulishazoeana. Kisha Mwenyekiti akaandika kwamba amemaliza masomo, amepata kazi na mke, na chuo kinaondoa mtambo uliobeba ukurasa wetu. Baraza lingefungwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Watu walilia kwa maandishi. Mjomba akasema haiwezekani tuachane hivihivi, lazima kamati ivunjwe. Hiyo ndiyo desturi yetu Bongo: harusi ikishapita, kamati ya harusi lazima ivunjwe kwa chakula, la sivyo wajumbe watakaa wanatafutana maisha yao yote. Akatoa ua wake, Ilala, nyuma kidogo ya Mchikichini. Jumapili baada ya Ijumaa ile. Kila mtu alete chakula alichokuwa anajisifia. Kwa sababu hiyo hata Ijumaa yenyewe hakuna aliyeagana na mwenzake barazani. Wote waliandika "tutaonana Jumapili," na ukurasa ukazimika.

Dada alikuwa ameniandikia kabla haujazimika: "Bibi, usipokuja mimi nitakufuata ulipo. Nina khanga zako. Nataka nikushike mikono."

Ningeweza kuingia mitini. Bibi kaugua, Bibi kasafiri, Bibi kafa; hilo la mwisho nililifikiria kwa makini kuliko ninavyopenda kukiri, mpaka nikakumbuka kwamba wangetaka kuzika. Lakini niliwapenda watu wale. Walikuwa ndio ndugu zangu wa mjini, na niliona uchungu kutoweka bila kuwaambia kwaheri. Kwenda kama mimi nako sikuweza. Ningemwambiaje Dada? Basi nikapanda ngazi.

"Ba," nikamwambia, "Jumapili nakuomba uwe mimi."

"Kwa nini? Wewe umekuwa nani?"

"Mimi nimekuwa wewe."

Alizima televisheni, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. "Tangu lini?"

"Miaka mitano."

"Na nilikuwa nasema nini huko?"

"Mambo mazuri."

"Nilisema kwamba yule mrithi ni mjinga?"

"Ulisema mara nyingi."

"Vizuri," akasema Ba. "Nitaenda. Lakini sikalii kiti cha plastiki."

Jumapili alivaa sari nyeupe aliyoipiga pasi mwenyewe, akabeba bakuli la kachori, nami nikabeba kiti chake cha mbao kichwani kutoka Kariakoo mpaka Ilala. Tulipoingia uani watu wote walisimama. Walikuwa kama ishirini, chini ya turubai la bluu. Niliziona nyuso zikihangaika, maana kumbe kila mmoja alikuwa amejichorea bibi wa kwao. Mjomba alikuwa na hakika kabisa kwamba Bibi ni Mzaramo. Waliokumbuka kwamba Bibi aliwahi kutoa maelekezo ya kupika mtori, ndizi kwa nyama ya ng'ombe, walikuwa wanangoja mama wa Kichaga mwenye mkoba. Hakuna aliyengoja sari.

Lakini adabu ni adabu. "Shikamoo Bibi!" wakasema wote kwa pamoja.

"Marahaba," akajibu Ba, bila kutetemeka wala kutazama kushoto na kulia. Alikuwa na miaka sabini na minane. Ilikuwa ya kwake kwa haki.

Nilijitambulisha kama mjukuu wa jirani, niliyemsindikiza Bibi tu. Kosa lilikuwa hilo, maana kijana aliyesindikiza mtu hapewi kiti, anapewa kreti la soda agawe. "Kijana, huku bado!" "Wewe, kifungulio kiko wapi?" Aliyenipigia kelele zaidi ya kifungulio alikuwa Shemeji, ambaye mwaka uliotangulia nilimpatanisha na Wifi kwa barua tatu za usiku na mchana. Nilimpa fanta ya moto kwa makusudi.

Wakaleta sahani ya Bibi, pilau limejaa nyama ya mbuzi. Ba akaisukuma taratibu. "Sili nyama," akasema. "Sijawahi kula."

Wale wa mtori wakatazamana.

"Daktari kamkataza!" nikadakia nikiwa na chupa sita mikononi.

"Daktari gani huyo?" akauliza mwanamke mmoja mnene mwenye uso mpole, aliyekuwa amekaa karibu na Ba kuliko wote, na mkoba mapajani. "Mimi nafanya kazi hospitali, nawajua." Sauti yake sikuwa nimewahi kuisikia, lakini nilimjua palepale.

Hotuba zikaanza. Mjomba alisimama akamshukuru Bibi kwa dakika ishirini, na alipofika kwenye habari ya stesheni iliyoruka sehemu alitoa leso. Mkwe alilia. Wifi alimbusu Ba mkono. Wote walipita mmoja mmoja wakimwambia kwaheri, wakimkumbusha hili na lile, siku Bibi aliposema hivi, siku Bibi alipowachekesha vile, na Ba aliitikia kila kitu huku anakula kachori zake. Mimi nilisimama pembeni na kreti. Nilimwonea wivu, wivu mbichi kabisa wa kitoto. Zile zilikuwa kwaheri zangu, zinapokelewa na mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta, na nilikuwa nimemleta mwenyewe, na kiti juu.

Wa mwisho akawa Dada. Alifungua mkoba akatoa khanga, akamfunika Ba mabegani, akamshika mikono yote miwili.

"Bibi," akasema, "mama alipofariki uliniandikia neno moja. Nilikuwa nalisoma kila nikienda zamu. Baraza limefungwa na mimi sikulinakili, nilijua litakuwepo siku zote. Nakuomba uniambie tena, kwa mdomo wako."

Ba alimtazama kwa huruma ya kweli, naye ni mama wa watu, akajitahidi.

"Mwanangu," akasema, "kula kwanza."

"Hapana, Bibi. Si hilo."

Ba akafikiri. "Mungu yupo."

"Hilo waliniambia wote," akasema Dada. Alicheka kidogo, lakini nilimwona uso unavyomshuka. Alianza kuiachia ile mikono.

Ningeweza kunyamaza. Ba angesema ni uzee, kasahau, na Dada angemsamehe, na tungerudi Kariakoo na kiti chetu. Lakini mama yake alikuwa amekufa katika wodi moja, naye akiwa kwenye zamu wodi nyingine, hospitali nyingine, anawahudumia wagonjwa wasiomhusu, na hilo ndilo lililokuwa linamla. Nilikuwa nalijua neno lake. Lilikuwa langu, na lilikuwa la kwake, na halikuwa na mahali pengine lilipoandikwa.

Nikaweka kreti chini.

"Saa ile ulikuwa unamgeuza kitandani mama wa mtu," nikasema. "Na mama yako alikuwa anageuzwa na mtoto wa mtu. Usilie kwamba hukuwepo. Nyote mlikuwepo, ila mlibadilishana vitanda."

Sauti yangu ilikuwa nzito kuliko nilivyotaka. Vichwa ishirini viligeuka. Dada hakugeuka mara moja. Aliinamisha kichwa, akalisikiliza mpaka likaisha, kisha ndipo akanitazama.

"Ndilo," akasema.

Wa kwanza kuelewa alikuwa Mjomba, mwalimu ni mwalimu. Alinyanyuka polepole akaninyooshea kidole. "Wewe? Wewe ndiye Bibi?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na minane."

"Kwa hiyo miaka mitano," akasema, na kila neno alilitamka kama anasahihisha daftari, "mimi, mwenye wajukuu saba, nimekuwa nikimwamkia muuza soda?"

"Bawaba," nikasema. "Nauza bawaba. Na makufuli."

Kelele iliyolipuka hapo siwezi kuiandika. Shemeji alikuwa anapiga meza. Wifi alikuwa anauliza wenzake, "Na ile dawa ya chango aliyonipa?" Mkwe aliacha kulia akaanza kucheka, akapaliwa na pilau. Mtu mmoja alitaka kujua kama tajiri alizinduka au hakuzinduka, nikasema hakuzinduka, na ghadhabu ikaanza upya kutoka upande wa wale wanne waliokwenda stesheni. Ba hakujishughulisha. Alinyoosha mkono akachukua kachori nyingine, akawaambia waliokuwa karibu, "Lakini yule mrithi ni mjinga, hilo ni kweli." Hakuna aliyembishia.

Hukumu ilitolewa na Mjomba. Nilisimamishwa katikati ya ua, nikaambiwa nirudishe shikamoo za watu. Nikazunguka. Kila aliyenizidi umri nilimwamkia, nimeinama, kwa sauti inayosikika, na Mjomba alinirudisha mara tatu kwa sababu ya kuinama kwa kulegea. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanashikana. Yeye mwenyewe alipoitikia marahaba yake aliivuta, ndefu, ameiona tamu, kisha akanipiga bega akasema, "Ulikuwa unaandika vizuri, mshenzi wewe." Kwa moyo mweupe kabisa nasema sijawahi kusifiwa hivyo.

Nilipofika kiti cha Dada kilikuwa kitupu. Alikuwa amesimama nje ya geti, peke yake, anautazama mtaa. Nikatoka.

"Shikamoo, Dada," nikasema. Hakuitikia.

"Ile ya maji ya moto," akasema, "ilikuwa yako?"

"Yangu."

"Una mke?"

"Sina."

"Umewahi kuwa na mke?"

"Sijawahi kuwa hata na jokofu."

Alisonya. "Na ilifanya kazi," akasema. "Hilo ndilo linaloniudhi." Akautazama mtaa tena. "Nilidhani yupo mahali mama mtu mzima anayenifikiria. Nilikuwa nalala vizuri."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa namfikiria kweli, kila asubuhi, kabla sijafungua duka. Nikamwambia. Nilikuwa naona aibu mpaka masikio yanawaka.

"Mama yako yupo hai?" akaniuliza ghafla.

"Yupo. Rombo."

"Ulimwona lini?"

"Krismasi."

"Ipi?"

Hapo nikaanza kutazama viatu. "Ya mwaka juzi."

Mchaga asiyekwenda kwao Krismasi anaulizwa kama amefungwa jela. Nikaanza kujitetea: Desemba ndiyo wakati wetu wa biashara, mji mzima unasafiri, mji mzima unataka makufuli, baba mdogo hawezi peke yake. Nilisema mengi. Dada alinisikiliza kama wanavyomsikiliza mgonjwa anayesema amekunywa dawa zote.

"Na kumpigia?"

"Huwa natuma salamu. Kwa watu wanaokwenda."

"Unatuma salamu." Alinitazama kutoka juu mpaka chini, na kwa mara ya kwanza tangu tuingie uani nikajiona nina miaka yangu mwenyewe, na michache kuliko hiyo. "Umekaa miaka mitano unatufundisha kuwaombea mama zetu, kuwatembelea mama zetu, kuwanunulia mama zetu miwani. Mimi nimemzika wangu kwa maneno yako. Na wa kwako unamtumia salamu kwa watu. Kesho asubuhi, mdogo wangu. Usinijibu. Kesho asubuhi."

Kisha akaitikia marahaba, kwa sauti ndogo, akaingia ndani kuaga wenzake.

Jumatatu, kabla baba mdogo hajafika, nilimpigia katekista, jirani wa mama, ambaye ndiye mwenye simu ya mkononi pale kwetu. Alikwenda kumwita. Nilisikia kuku, nikasikia mlango, nikasikia nyayo zinakuja haraka.

"Nani kafa?" mama akauliza.

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni mimi."

"Umefukuzwa?"

"Hapana."

"Unaoa?"

"Hapana, mama. Nimepiga tu."

Alinyamaza, na ukimya ule ulinichoma kuliko maneno yote ya Dada, maana ulikuwa wa mtu anayetafuta sababu nyingine na haoni. Kwa kukosa la kusema nikamwambia ukweli, kwamba jana niliagana na watu fulani tuliokuwa tukisimuliana tamthilia, na nimekuwa mnyonge. Nikamtajia tamthilia yenyewe, nikidhani nitalazimika kumweleza televisheni ya Dar inavyoonyesha.

"Ile?" mama akapiga kelele. "Ile naijua! Sisi tulikuwa tunaitazamia hapahapa kwa katekista, kila juma, ukumbini hakuna pa kukanyaga. Nilikuwa nakuja na kigoda changu. Hukuwa na habari?"

Sikuwa na habari. Ningezijulia wapi?

"Yule binti wa shambani alinichosha," mama akaendelea, na sauti yake ikachangamka. "Leo mwema, kesho mchawi. Asubuhi anamfuta baba yake jasho pale hospitali, jioni anamtilia sumu kwenye mrija. Binti mmoja, roho mbili. Nilimwambia katekista, huyo anahitaji maombi."

Walikuwa pacha. Tamthilia nzima, tangu sehemu ya kwanza mpaka ya mwisho, ilihusu mabinti wawili pacha, mmoja mwema na mmoja mbaya, na barazani tulikuwa tumegombana juu yao mpaka watu wakanuniana. Mama yangu alikuwa ameitazama yote akidhani ni msichana mmoja mwenye hasira za vipindi. Na hakuwa na mtu wa kumwambia. Maneno yalinijia mdomoni yote kwa mpigo, miaka mitano ya maneno, nikayameza.

"Ehe, mama," nikasema, nikakaa juu ya katoni ya misumari. "Ikawaje?"